Uzito Unaotuliza Waya: Jinsi Tiba ya Mitetemo Ilivyofika Uasin Gishu

Ukitoka Eldoret mjini ukashika barabara ya Ziwa, kilomita tisa hivi zitakufikisha Chepkoilel, kwenye malango ya Chuo Kikuu cha Eldoret. Pande zote ni uwanda: ngano, mahindi, malisho ya ng'ombe wa maziwa, na upepo usio na cha kuuzuia. Kusini mwa mji, upande wa Nandi, iko Lessos, ambako laini kubwa za stima za magharibi mwa Kenya hukutana. Simama chini ya laini kama hizo uinue macho. Karibu na nguzo, hatua moja au mbili kutoka pale waya unaposhikwa, utaona vyuma viwili vizito vikining'inia chini ya waya, kila kimoja kwenye ncha ya kipande kifupi cha kebo.

Vyuma hivyo ni ndugu wa damu wa tufe la tani 660 linaloning'inia ndani ya jumba la Taipei 101 kule Taiwan, ambalo watalii hulipa kulitazama. Kanuni yao ni moja. Kitu kinachotikisika hufungiwa uzito wa pembeni, uliopimwa ili utikisike kwa mapigo yale yale, na uzito huo huupokea mtikisiko na kuumaliza kwa msuguano. Hauhitaji injini wala kompyuta, wala hiyo stima yenyewe. Historia ya uvumbuzi huu husimuliwa kwa kawaida kama historia ya maghorofa marefu, na mhandisi wa Afrika Mashariki akiisoma hujiona mgeni ndani yake. Naona hapo pana kosa. Sisi tiba hii haikutujia kwa njia ya maghorofa. Ilitujia kwa njia ya waya, na sababu zake zinapatikana katika ardhi, upepo na siasa za stima.

Waya unaoimba, 1878–1911

Mwaka wa 1878 mwanafizikia Vincenc Strouhal, Mcheki aliyekuwa akifanya kazi Würzburg nchini Ujerumani, alichapisha utafiti kuhusu sauti inayotoka kwenye waya unaopita hewani kwa kasi. Alibaini kwamba sauti hiyo hutegemea mambo mawili: kasi ya hewa na unene wa waya. Kasi ikiongezeka, sauti hupanda. Waya ukiwa mnene, sauti hushuka. Mnamo 1911 Theodore von Kármán akaeleza kihesabu kinachoendelea nyuma ya waya. Upepo ukishaupita, huacha vizingia vidogo vya hewa vinavyomeguka kwa zamu, kimoja juu, kingine chini, na kila kinapomeguka waya husukumwa kidogo upande wa pili.

Hesabu yake ni nyepesi kiasi cha mwanafunzi wa sekondari kuifanya. Zidisha kasi ya upepo kwa 0.2, kisha gawanya kwa unene wa waya. Upepo wa mita 4 kwa sekunde, ambao hauwezi kumvua mtu kofia, ukikutana na waya wenye unene wa milimita 20 huupiga mara 40 kila sekunde. Katika saa moja hayo ni mapigo 144,000. Katika siku nzima ya upepo wa namna hiyo, zaidi ya milioni tatu. Mtu aliye chini haoni kitu, kwa kuwa kwa kawaida waya hausogei zaidi ya unene wake wenyewe. Lakini pale unapobanwa kwenye nguzo hupinda na kunyooka bila kupumzika, na metali inayopindwa mara mamilioni huchoka ikapasuka, uzi mmoja baada ya mwingine, hata kama haijawahi kuvutwa kupita nguvu zake.

Wakati huo huo, tatizo jingine la mitikisiko lilikuwa likiwasumbua watu wa meli. Hermann Frahm, mhandisi katika kiwanda cha meli cha Blohm & Voss mjini Hamburg, alikuwa ameshughulika kwa miaka mingi na mashafti ya injini yaliyovunjika kwa sababu ya mitetemo, na meli zilizoyumba hata abiria wakashindwa kula. Mwaka 1909 aliwasilisha maombi ya hataza ya kifaa kipya, na Marekani ikamkubalia mwaka 1911. Wazo lake lilikuwa kuongeza uzito mwingine kwa springi juu ya mtambo unaotetema. Kama vile mtoto kwenye bembea anavyopanda juu akisukumwa kwa wakati wake, na kupooza akisukumwa kinyume, uzito wa Frahm ulitikisika kinyume cha mtambo na kuupooza.

Kasoro yake ilijitokeza upesi. Kifaa kilifanya kazi vizuri kwenye mapigo mamoja tu. Injini ikibadilisha mwendo kidogo, uzito ule ule uliokuwa ukituliza ulianza kuchochea. Injini ya meli inaweza kushikiliwa kwenye mwendo mmoja, lakini nani atauamuru upepo?

1928

Mwaka wa 1928 ulikuwa mwaka wa ajabu katika historia hii, na sehemu ya ajabu hiyo ilitokea Kenya. Tuanze California.

Huko, tangu miaka ya 1910, kampuni ya Southern California Edison ilikuwa ikileta stima kutoka mabwawa ya Big Creek milimani hadi Los Angeles. Mwaka 1923 laini hizo zilipandishwa hadi kilovolti 220, msongo ambao ulikuwa mpya duniani. Enzi hiyo ilileta pia waya za alumini zenye kiini cha chuma, nyepesi, zilizoweza kuvutwa sana na kurushwa masafa marefu kati ya nguzo na nguzo. Hapo ndipo uchumi ulipozaa ugonjwa. Nguzo chache ni akiba ya fedha, lakini waya mrefu uliokazwa sana hutetemeka kwa urahisi zaidi na huchelewa kutulia. Mafundi walianza kukuta nyuzi zimekatika kwenye vishikizo.

Mhandisi wa kampuni hiyo, George H. Stockbridge, alitoa jibu lililokuwa rahisi mno kwa tatizo kubwa namna hiyo: kipande cha kebo ya chuma kisichofika mita moja, chenye uzito kila ncha, kilichobanwa katikati na kuning'inizwa chini ya waya. Uzito wa kwanza ulikuwa wa zege. Hataza yake ilitolewa Julai 1928. Waya ukitikisika, mizito miwili huyumba, kebo fupi inapindapinda, na nyuzi za kebo hiyo husuguana zenyewe kwa zenyewe. Msuguano huo hugeuza mtikisiko kuwa joto kidogo, nalo hupotelea hewani. Hakuna springi maalumu, hakuna mafuta, hakuna sehemu ya kuzungushwa. Uzuri wake mwingine ni kwamba kebo ile haina pigo moja tu la asili. Hujibu mapigo kadhaa tofauti, kwa hiyo kasi ya upepo ikibadilika bado kifaa kina kazi ya kufanya. Miongo iliyofuata watengenezaji waliacha zege, wakatumia vyuma vyenye umbo la kengele, wakaifanya mizito miwili isilingane, yote kwa lengo la kuongeza mapigo ambayo kituliza kinaweza kuyakabili.

Mahali pa kukifunga ni jambo la ufundi. Waya unaotetema hujigawa katika vipande: kuna sehemu zinazosogea sana na vifundo visivyosogea. Katika mapigo 40 kwa sekunde, umbali kati ya kifundo na kifundo katika laini ya kawaida hukaribia mita moja na nusu. Kituliza kikifungwa kwenye kifundo ni mzigo tu. Kikifungwa mbali sana na nguzo, baadhi ya mapigo yatakikwepa. Ndiyo maana unakiona pale kilipo, karibu na nguzo, umbali uliokokotolewa na si wa kubahatisha.

Mwaka huo huo wa 1928, J. Ormondroyd na J. P. Den Hartog, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Westinghouse huko Marekani, walichapisha nadharia ya kituliza chenye uzito. Den Hartog alizaliwa Ambarawa, kisiwani Java, mwaka 1901, na baadaye alifundisha Harvard na MIT. Walichothibitisha wawili hao ndicho alichokikosa Frahm: ukiongeza msuguano wa kiasi fulani pamoja na ule uzito, kifaa hakitulizi pigo moja tu bali mapigo mengi ya jirani yake. Tena hutakiwi kukipima kilingane kabisa na kitu unachokituliza. Kiwe chini kidogo. Kama uzito wa nyongeza ni sehemu moja kwa 20 ya kitu kizima, mapigo yake yawe 20 kwa 21 ya mapigo ya kitu hicho. Fomula hiyo ingali inafundishwa katika vyuo vya uhandisi duniani kote. Den Hartog aliendelea hadi kwenye waya zenyewe, akaeleza mwaka 1932 kwa nini waya zilizogandwa na barafu huruka juu na chini kwa mita kadhaa. Ugonjwa huo sisi hatuna. Mvua ya mawe tunayo, na wakulima wa chai wa Nandi wanaijua vizuri, lakini haigandi kwenye waya.

Sasa tuje Kenya. Tarehe 6 Januari 1928, miezi michache kabla ya hayo yote, ardhi ilitikisika Subukia, upande wa pili wa Bonde la Ufa. Tetemeko lilikuwa la kipimo cha 6.9, kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa nchini, na lilipasua ardhi kwa zaidi ya kilomita 30 kando ya ufa wa Laikipia na Marmanet. Walioishi hapo walikuwa wachache na nyumba zao zilikuwa nyepesi, kwa hiyo tukio hilo halikuacha alama kubwa katika siasa za ujenzi. Nitalirudia.

Shamba Nambari 64, 1908–1952

Uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa malisho ya Wamaasai na baadaye Wanandi kabla serikali ya kikoloni haijaugawa kwa walowezi. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu ukiongozwa na Jansen van Rensburg ulifika na mikokoteni ya ng'ombe kutoka Afrika Kusini kupitia Nakuru. Posta ikafunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba nambari 64, na mji ukaitwa Sitini na Nne, jina ambalo wazee bado hulitamka Sisibo, hadi ulipopewa jina la Eldoret mwaka 1912. Reli ilifika 1924. Ngano ikatawala.

Kwa historia yetu, jambo la maana katika hayo yote ni sura ya ardhi. Upepo ukipita juu ya msitu, vilima au mji, hukatwakatwa na kuvurugika. Hauwezi kuupiga waya kwa mapigo ya mpangilio. Ukipita juu ya uwanda wa nyasi au ngano hubaki laini, na upepo laini wa polepole, wa mita moja hadi saba kwa sekunde, ndio unaoleta mitetemo mibaya ya waya. Dhoruba haiwezi. Wahandisi waliokuja baadaye kutandaza laini katika uwanda huu walikuta mazingira yanayofanana na yale ya vitabuni.

Stima yenyewe ilichelewa. Kampuni ya East African Power and Lighting iliundwa mwaka 1922 kwa kuunganisha kampuni za Nairobi na Mombasa, na kwa muda mrefu kila mji ulijitegemea kwa mitambo yake midogo. Kule Eldoret, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mto Sosiani uliwekewa mtambo kwenye maporomoko ya Selby, wa kilowati 400. Laini za wakati huo zilikuwa fupi, za nguzo za mbao, na waya zilizolegea. Waya uliolegea hautetemi sana, na hakuna aliyehitaji kituliza. Chepkoilel, wakati huo, kilikuwa kituo cha kufundishia wakulima wa mashamba makubwa, kilichoanzishwa na walowezi mwaka 1946.

Maji ya Jinja, stima ya Nairobi, 1948–1958

Mabadiliko yalitoka Uganda. Ujenzi wa bwawa la Owen Falls, pale Nile inapotoka Ziwa Victoria karibu na Jinja, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1940, na Malkia Elizabeth II alilifungua Aprili 1954. Bwawa lilijengwa kwa mashine kumi za megawati 15 kila moja, na Uganda ya wakati ule haikuwa na viwanda vya kuimaliza stima yote hiyo. Nairobi, kwa upande wake, ilikuwa ikikua na haina mto mkubwa karibu. Serikali zilizokuwa chini ya mkoloni mmoja hazikuwa na sababu ya kukataa biashara.

Mwaka huo huo wa 1954 ikaundwa Kenya Power Company, tanzu ya East African Power and Lighting, kazi yake ikiwa kujenga laini kutoka Tororo hadi Nairobi. Laini hiyo ya kilovolti 132 ilivuka mpaka, ikapita Musaga karibu na Webuye, ikapanda hadi nyanda za juu, ikafika Lessos, ikateremka Bonde la Ufa kupitia Lanet na Naivasha, na kuishia Juja Road jijini Nairobi. Stima ya Uganda ilianza kutumika Nairobi mwaka 1958.

Naona huo ndio mwaka wa kugeuka kwa mambo katika eneo hili, ingawa vitabu vya historia huutaja kwa sababu ya bwawa tu. Kabla yake, Kenya haikuwa na waya mrefu wa nguzo za chuma uliokazwa na kurushwa juu ya mabonde na nyanda. Baada yake, uti wa mgongo wa uchumi ukawa ni waya wa alumini wenye kiini cha chuma, unaopigwa na upepo usiku na mchana, na ambao ukikatika mahali pamoja tu mji mkuu unaingia gizani. Kifaa cha Stockbridge kilikuwa kimekwisha kuwa sehemu ya kawaida ya ujenzi wa laini za namna hiyo duniani. Kikaingia Afrika Mashariki bila sherehe, ndani ya masanduku ya vihami na vishikizo, kama skrubu na nati.

Mkataba na Uganda ulikuwa wa miaka 50. Ulidumu kupita uhuru, kupita kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, kupita enzi ya Idi Amin na vita vilivyomwondoa. Wanasiasa walifunga mipaka, lakini laini ilibaki palepale.

Ardhi ikitikisika, 1966–1973

Kwa nini basi elimu ya mitetemo katika vyuo vyetu haikuanzia kwenye waya? Kwa sababu ardhi ilitangulia kuua. Machi 20, 1966, tetemeko lilipiga Toro, magharibi mwa Uganda, likaua watu zaidi ya 150 na kubomoa maelfu ya nyumba. Baada ya hapo kumbukumbu ya Subukia ilipata uzito mpya, na mwaka 1973 Wizara ya Ujenzi ya Kenya ilitoa kanuni za kujenga majengo yanayohimili matetemeko, zikiigawa nchi katika kanda kulingana na hatari.

Mwaka huo huo Nairobi ilifungua jumba la mikutano la KICC, kazi ya wasanifu Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, lenye urefu wa mita 105. Ni jumba la zege, na zege ni nzito, ngumu na yenye msuguano wa ndani. Jumba la namna hiyo hujituliza lenyewe. Hakuna mtu aliyeona haja ya kulining'inizia tufe.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa teknolojia hii hawapendi kulisikia. Uzito uliopimwa ni dawa nzuri ya upepo, na dawa dhaifu ya tetemeko. Upepo hupiga kwa mpangilio na kwa muda mrefu, na uzito hupata nafasi ya kuingia katika mdundo wake. Tetemeko huja na mapigo ya kila aina kwa wakati mmoja, hudumu sekunde chache, na jengo likishapata nyufa mapigo yake ya asili hushuka, hivyo uzito uliokuwa umepimwa sawasawa haulingani tena na chochote. Bukoba ilipopigwa na tetemeko la kipimo cha 5.9 Septemba 2016, waliokufa na kujeruhiwa walikuwa katika nyumba za tofali zisizo na nondo za kutosha. Nyumba hizo zilihitaji mkanda wa zege juu ya kuta, saruji isiyoibiwa na fundi anayesimamiwa. Na jengo la ghorofa lililoanguka Huruma, Nairobi, Aprili mwaka huo huo, likaua watu zaidi ya 40, halikuhitaji hata tetemeko.

Maghorofa ya ng'ambo, 1977–2004

Sehemu hii ndiyo inayojulikana zaidi, kwa hiyo nitaipita haraka. Mwaka 1977 jumba la Citicorp mjini New York, lenye ghorofa 59, liliwekewa juu yake kitalu cha zege cha tani 400 kinachoteleza juu ya mafuta. Mwaka uliofuata mhandisi wake wa miundo, William LeMessurier, aligundua kwamba viungo vya jumba vilikuwa dhaifu kuliko alivyodhani na kwamba kimbunga kikali kingeweza kuliangusha. Kitalu kile kilisaidia kupunguza hatari, lakini kilihitaji stima ili kielee, na kimbunga ndicho kinachokata stima. Wakachomelea viungo usiku usiku hadi vikakaza. Msomaji wa Kenya ataelewa hofu ya LeMessurier bila maelezo.

London ilifungua daraja la waenda kwa miguu la Millennium Juni 2000, likayumba kwa hatua za umati, likafungwa baada ya siku mbili. Lilirudi kutumika mwaka 2002 likiwa na vituliza vya aina mbili, vya kimiminika na vya uzito. Taipei 101 likafuata mwaka 2004 na tufe lake lisilohitaji stima hata kidogo. Nairobi nayo ilipanda: Times Tower la mita 140 mwaka 2000, kisha jumba la UAP la mita 163 na lile la Britam la mita 200 katika muongo uliopita. Julai 2007, ardhi ilipotikisika karibu na Ziwa Natron nchini Tanzania, wafanyakazi wa maofisi ya Nairobi walikimbilia barabarani wakiwa na hofu. Majengo yalisimama.

Chepkoilel na Lessos, 1984–2013

Kituo cha wakulima cha Chepkoilel kiligeuzwa mwaka 1984 kuwa chuo cha walimu wa sayansi. Mwaka 1990, wimbi la wanafunzi wa makundi mawili, wale wa kidato cha sita na wale wa mfumo wa 8-4-4, lilipojaza vyuo vikuu kupita kiasi, Chuo Kikuu cha Moi kilikichukua na kukifanya bewa lake la sayansi. Kikapandishwa kuwa chuo kishiriki Agosti 2010, na Februari 2013 Rais Mwai Kibaki akakipa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret, chenye shule ya uhandisi. Jina la Chepkoilel halikufutika midomoni mwa watu.

Katika miaka hiyo hiyo Lessos ilikuwa ikikua. Bwawa la Turkwel, lenye ukuta wa mita 153 katika korongo la Pokot Magharibi, lilimalizika mwaka 1991 na kuleta megawati 106. Stima yake ilishushwa Lessos kwa laini ya kilovolti 220, zaidi ya kilomita 200, kutoka joto la bondeni hadi baridi ya nyanda za juu. Laini hiyo ni somo zuri la mitetemo kuliko jumba lolote la Nairobi. Waya wa alumini hurefuka kwa joto na kujikaza kwa baridi, na waya uliokazwa ndio unaotetemeka. Kwa hiyo mchana na usiku wa mahali pamoja huupa kituliza kazi mbili tofauti. Miaka ya karibuni zimeongezwa laini za kutoka Olkaria hadi Lessos na Kisumu, na nyingine ya kilovolti 400 ya kuelekea Tororo, ikifuata mkondo ule wa miaka ya 1950.

Ningependa kuona walimu wa shule za uhandisi wakianzia hapo. Mwanafunzi wa Chepkoilel anaweza kukokotoa mapigo ya waya, akapima kasi ya upepo juu ya shamba la ngano, kisha akaangalia kwa darubini kama kituliza kimefungwa umbali unaofaa. Tufe la Taipei ataliona kwenye picha tu.

Upepo wa Turkana, na wezi wa chuma, 2017–2022

Mashariki mwa Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit, mitambo 365 ya upepo yenye jumla ya megawati 310 ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini haikuwa na pa kupeleka stima. Kampuni ya Kihispania iliyopewa kazi ya laini ilikuwa imefilisika. Laini ya kilovolti 400 hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilimalizwa Septemba 2018 na wakandarasi wengine, na mradi ukazinduliwa rasmi Julai 2019. Katika msongo huo awamu moja hubebwa na waya zaidi ya mmoja, zikitenganishwa na vishikizo, na waya wa mbele huutupia wa nyuma hewa iliyovurugika. Ni upepo ule ule unaozungusha mitambo unaotikisa waya zinazobeba stima yake.

Kisha Januari 11, 2022, Kenya karibu nzima iliingia gizani baada ya nguzo za laini ya Kiambere hadi Embakasi kuanguka Nairobi. Serikali ilihusisha ajali hiyo na wizi wa vyuma vya nguzo, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, marufuku iliyodumu hadi Mei. Kituliza chenye uzito kinaweza kuzuia waya usichoke kwa miaka 40. Hakiwezi kuushika mnara uliofunguliwa miguu.

Vituliza vyenyewe pia huchoka. Kebo fupi hulegea, mizito huinama au hudondoka, kishikizo huteleza hadi katikati ya waya, na tangu siku hiyo ule upande wa nguzo hauna ulinzi. Mkaguzi hupita mara chache. Mkulima hupita kila siku. Kwa hiyo wewe unayelima au kuchunga chini ya laini, ukiona chuma hicho kimeinama juu au kimeanguka kwenye ngano yako, usikipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na usiuguse waya. Andika nambari iliyo kwenye nguzo, uipeleke ofisi ya stima iliyo karibu nawe.